Mizunguko Mia Nane na Mmoja

Watu wa Mikelenge, mtaa wetu hapa Kindu, wana midomo. Ukiwauliza habari za Bulaimu Sudi, fundi wa foni pale bandarini Kindu, watakujibu kwa wepesi kama mtu anayetaja bei ya samaki: yule alimuua binti yake kwa uvivu wa kusuka nyaya. Halafu watakutupia methali, mchuma janga hula na wa kwao, na kuendelea na mazungumzo yao. Haya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bulaimu hakujitetea hata siku moja, na kweli ya jambo hili alimwambia mtu mmoja tu, Florentin, yule Mnande mwenye duka la vitambaa na betri karibu na stesheni. Tena alimwambia miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa wa kutoinuka. Sisi wengine tuliipata kwa Florentin baada ya mazishi.

Babu yake Bulaimu alikuja na misafara ya watu wa pwani, akaoa hapa, akafia hapa. Yeye mwenyewe aliingia karakana ya reli akiwa kijana wa kuosha vyombo vya mafundi, akajifunza umeme kwa kushikilia nyaya za wenzake na kwa kusoma kitabu kimoja cha Kifaransa kisichokuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Ilipofika miaka ile ya kuitana sitwayeni, yaani mwananchi, na majina ya Kizungu yakapigwa marufuku, miaka ambayo hata Florentin kwenye karatasi za serikali ilibidi aitwe Mbusa, Bulaimu ndiye aliyekuwa sikio la mji. Simu ilikuwa imekufa tangu vita vya wale waasi walioitwa Wasimba na hakuna aliyeizika wala kuifufua. Barabara ya kwenda Kalima, kwenye machimbo ya bati, mvua ikinyesha inakuwa uji. Kilichobaki ni foni, yaani redio ya kusema na kusikia, na chombo hicho kilikaa katika chumba cha mabati nyuma ya ghala la mizigo. Mwenye chumba hicho alikuwa Bulaimu.

Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mpiga foni tu. Alikuwa mtafiti, ingawa neno hilo hakulijua mpaka alipoambiwa. Kila siku ya Mungu, mara tatu, alisikiliza sauti ya Kalima na kuipa alama katika daftari la shule, toka moja mpaka tano: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni. Miaka tisa hivyo. Akaona jambo ambalo bosi wake hakuliona. Mawimbi yanayotoka Kindu kwenda Kalima hayapiti chini, msitu unayanywa yote kabla hayajafika popote. Yanapanda juu, yanagonga mbingu, yanarudi chini kama mvua. Na saa sita, jua likiwa utosini, linayameza yakiwa njiani, kwa hiyo mchana lazima ubadilishe wimbi, uchukue lile jepesi zaidi. Akaushusha waya wa antena toka juu ya mlingoti mrefu, akauweka chini, juu kidogo tu ya kichwa cha mtu, ili mawimbi yatupwe juu moja kwa moja. Wapakuzi wa bandari wakacheka wakafa. Wakamwambia amtume mkewe alete nguo, kamba ya kuanikia imeshatengenezwa. Lakini tangu siku hiyo Kalima ikasikika mchana kana kwamba wanaongea ng'ambo ya ua.

Siku moja akapita injinia kutoka Kinshasa, sitwayeni ambaye wenzake bado walimwita Zéphirin, abakosi yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, imepigwa pasi hata kwenye joto lile. Akafungua madaftari, akayasoma saa nzima. Kisha akasema kwamba kuna watu wenye diploma wanaotafuta mambo haya kwa mashine za bei kubwa na hawajayapata, akaahidi kurudi na kipimo kizuri. Hakurudi. Bulaimu hakumlaumu, akaendelea kuandika.

Sasa nije kwenye transfo. Transfo ni moyo wa foni: ni chuma cha mabapa mabapa kilichozungushiwa nyaya nyembamba, umeme wa jenereta unaingia upande mmoja, unatoka upande wa pili ukiwa na nguvu nyingine. Nyaya zikiungua, foni ni sanduku. Na Zaire ya wakati ule, ukiagiza transfo mpya toka Kinshasa, utazeeka ukingoja. Bulaimu akazoea kuzisuka mwenyewe. Nyaya alizitoa kwenye mota zilizokufa. Karatasi ya kutenganisha tabaka ilikuwa ya mifuko ya saruji. Vanishi alipika kwa sandarusi ya msituni, na nyumba yao Mikelenge ikanuka moshi wake wiki nzima. Kila kitu alikipima kwanza, chuma kina upana gani, kila volti inataka mizunguko mingapi. Alikuwa na msemo wake: chuma nacho kina tumbo. Nyaya za upande wa kuingilia zikipungua, chuma kinalishwa kupita kiasi, na kikishiba kinatapika moto.

Kazi ngumu ilikuwa kuhesabu. Mikono yote miwili inashika waya, macho yanatazama waya usipandane, mtu akisalimia tu mlangoni hesabu imepotea. Hapo ndipo alipoingia Mwavita, mkewe. Mwavita alikuwa na tasbihi ya marehemu mama yake. Tasbihi ina punje tisini na tisa, kila Mwislamu analijua hilo. Bulaimu alizungusha mara moja, Mwavita akavuta punje moja. Punje zikiisha Mwavita anasema, "Imetimia," na Bulaimu anachora mstari wa chaki sakafuni. Mistari tisa ni mizunguko mia nane tisini na mmoja, na hiyo ndiyo hesabu iliyotakiwa na transfo ya foni. Walikuwa wamesuka hivyo transfo sita katika miaka yao ya ndoa, baada ya sala ya alasiri, wakikaa kwenye mkeka mmoja wakitaniana. Mwavita alikuwa akisema kwamba malaika wanaoandika thawabu wameshachanganyikiwa, hawajui kama huyu mwanamke anamdhukuru Mungu au anamdhukuru mzungu wa umeme. Hizo ndizo zilikuwa raha zao.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Halima. Mwavita alipata wengine wanne na wote walirudi kwa Mungu kabla ya kutambaa. Halima aliolewa Kalima na Kasimu, karani wa machimbo ya bati, kijana wa adabu. Mwaka 1979 ulipoanza alikuwa na mimba yake ya kwanza, na Mwavita hakuwa na usingizi. Bulaimu akamtuliza mkewe kwa kitu alichokuwa nacho, yaani foni. Akapatana na Kasimu kwamba kila siku, saa zile zile tatu, atakuja kwenye foni ya Kalima kusema hali ya mke wake. Daktari wa kupasua wa kule alikuwa amesafiri, lakini hapa Kindu alikuwepo daktari, na ndege ndogo ya mapadri ilikuwa uwanjani. Ikitokea shida, waite. Nusu saa hewani na Halima yuko Kindu.

Mwezi wa pili transfo ikaungua, kama zilivyokuwa zikiungua. Wakaisuka upya, yeye na Mwavita, mistari tisa ya chaki. Alipoiwasha, mshale wa kipimo ukapanda juu ya pale alipotarajia, sehemu moja katika kumi hivi. Akautazama. Jenereta ya bandari ilikuwa na tabia ya kurukaruka, na kipimo chenyewe kilikuwa kimeanguka mara mbili. Akasema ni jenereta. Baada ya siku chache akagusa chuma, akakuta cha moto kuliko desturi, akasema ni msimu. Ee Bulaimu. Mtu aliyeandika alama za mbingu miaka tisa, siku hiyo hakuandika alama ya kitu kilicho chini ya kiganja chake. Ila alikuwa na sababu: hesabu aliiamini. Hesabu ilikuwa ya Mwavita.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa moja asubuhi, Kasimu alisema kwamba uchungu umeanza tangu alfajiri na wakunga wanasema ni kawaida. Sauti ilikuwa ya alama tano. Bulaimu akatuma mtu ampelekee Mwavita habari, na Mwavita akatandika mkeka wa sala. Saa tano na nusu Bulaimu akawasha foni mapema, ili ipate moto kabla ya saa sita. Akanusa sandarusi. Kabla hajafika kwenye swichi, moshi ulishatoka, na foni ikanyamaza.

Alikimbia mpaka ofisi ya zone, yaani ya wilaya, maana serikali ilikuwa na foni yake. Karani akamwomba karatasi ya ruhusa yenye saini ya komisere, mkuu wa zone. Komisere alikuwa kwenye mazoezi ya nyimbo na ngoma za kumpokea mgeni wa chama, na mazoezi hayakatizwi. Bulaimu akasimama ukumbini saa nzima. Alieleza kwa heshima, akaeleza tena, akajibiwa, "Sitwayeni, ngoja." Akaondoka, akaenda kwa Florentin. Florentin hakuuliza swali hata moja. Alitoa kikuza sauti alichokuwa akipigia muziki dukani, akakifungua mwenyewe kwa bisibisi, akampa transfo yake. Haikuwa saizi. Bulaimu alikata, akaunga, akakata tena, jasho likimdondokea machoni, na kwenye saa kumi na moja kasoro foni ikapumua, kwa sauti ya mbali ya alama mbili.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Kasimu.

"Baba, tuliwaita tangu saa sita. Tulikuwa tunaomba ndege. Sasa haina kazi tena."

Halima alikuwa amekufa saa kumi, yeye na mutoto wake ndani. Na ndege? Ndege ilikuwa hapa. Padri rubani alishinda uwanjani akiiosha, ndoo kwa ndoo, mpaka jioni. Kesho yake asubuhi ndege hiyo hiyo ikawapeleka Bulaimu na Mwavita Kalima kuzika. Nusu saa, kama walivyopatana.

Waliporudi, nyumba ilijaa wafiwa, na Bulaimu alikaa nao kama inavyopasa. Mwavita alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakumnyooshea mumewe kidole. Wanawake walipoanza kunong'ona habari za foni, yeye mwenyewe aliwakata, akisema mume wake anajua kazi yake, na kuungua kwa chombo ni majaliwa ya Mungu. Aliyasema hayo mbele ya watu wengi.

Lakini fundi ni fundi. Watu walipopungua, Bulaimu aliichukua ile transfo iliyoungua, akaketi chumbani mwake nyuma ya ghala, akaanza kuifumua. Alitaka kujua. Kila mzunguko alioutoa, aliweka punje ya muhindi kwenye sinia, na kila punje mia akazimwaga kwenye gunia na kuchora mstari. Ilimchukua siku mbili, maana nyaya zilikuwa zimegandana kwa moto. Ikawa mia nane na mmoja. Akarudia kuhesabu punje zenyewe. Mia nane na mmoja. Zilipungua tisini. Tisini kwa mistari tisa ni kumi kwa kila mstari, na hapo akaweka sinia chini, kwa sababu hesabu iliyokosewa kwa bahati haikoseki sawasawa mara tisa.

Akaenda nyumbani. Mwavita alikuwa kisimani. Tasbihi ilining'inia kwenye msumari wake, akaishusha, akaihesabu punje kwa punje. Themanini na tisa. Ndipo alipokumbuka. Mwezi wa Ramadhani uliopita mutoto wa jirani aliivuta, uzi ukakatika, punje zikatawanyika uani, kuku wakazikimbilia. Mwavita aliokota alizoziona, akazitunga upya. Kwa sala haikumsumbua kama zimetimia, Mungu hadai hesabu ya punje. Hakufikiri kumwambia mume wake. Kwa nini angefikiri? Kwake ilikuwa tasbihi. Na Bulaimu hakuuliza, kwa sababu tasbihi ina tisini na tisa, kila Mwislamu analijua hilo.

Mwavita akaingia na ndoo kichwani, akamkuta amesimama nayo mkononi. Akamuuliza anafanya nini. Bulaimu akasema anamwombea Halima. Mwavita akalia, akamshika bega, akamwambia aendelee.

Siku ya arobaini, baada ya dua na wali kuliwa, upande wa Kasimu ukaomba neno. Ndiyo desturi, kifo cha kijana hakiachwi hivi hivi, watu hukaa kitako kikaulizwa kimetoka wapi. Mwenye kusema alikuwa mzee Sumaili, ami yake Kasimu, mtu mpole. Alisema hawakuja kugombana. Walitaka kujua jambo moja tu: foni ilinyamaza kwa nini, siku ile, saa ile?

Bulaimu akasema ilikuwa mukono wake. Nyaya zilipungua.

Kabla hajamaliza, Mwavita akasimama katikati ya wanawake. Kwa heshima ya kikao hakupaswa kusimama. Akasema, "Hapana. Nyaya nilihesabu mimi. Mistari tisa, niliiona kwa macho yangu. Baba Halima anajitwika tu makosa kwa sababu ya uchungu. Kama hesabu ilipungua, basi ni mimi njo niliipunguza, mniulize mimi."

Loo. Alikuwa akimtetea. Alisema "mniulize mimi" kwa sababu alijua hakukosea, kama mtu anavyosema nikatwe kichwa. Na kila aliyekuwapo akamgeukia Bulaimu. Alikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Akinyamaza, watu watauliza, na mwanamke huyu atakwenda kuishusha tasbihi msumarini aioneshe, aihesabu mbele yao wote, kumi, ishirini, themanini na tisa. Bulaimu aliliona hilo lote kabla halijatokea. Alimwambia Florentin, "Mimi naweza kuishi watu wakinichukia. Yeye angejichukia mwenyewe, na mama wa namna hiyo haishi."

Basi akasema uongo. Pale ndipo uongo wenyewe ulipotoka, na watu wa Mikelenge wanaubeba mpaka leo.

"Mama Halima, wewe ulihesabu muzuri. Mistari ilikuwa tisa. Ulipokwenda kupika, chuma kilikataa kufunga, nyaya zilijaa. Nikafumua karibu mustari mumoja, nikafunga."

Mwavita akamtazama.

"Ulijua itaungua?"

"Nilijua inaweza kuungua. Nilifanya haraka."

Hakulia. Alikaa chini polepole, akavuta kanga yake mpaka kwenye paji la uso. Mzee Sumaili akasema kwamba Mungu ndiye mwenye kuhukumu, akafunga kikao kwa Fatiha, na watu wakatoka bila kumpa Bulaimu mkono. Haraka haraka haina baraka, mmoja akasema akiwa mlangoni, kwa sauti ya kusikika. Bulaimu akamsindikiza mpaka barabarani, kwa adabu, kama mwenye nyumba.

Kutoka hapo Mwavita aliendelea kumpikia, lakini yeye mwenyewe hakula tena chakula cha nyumba ile, alikula kwa dada yake. Hakumtukana. Talaka hakudai. Alisema tu kwamba akimwona ameshika waya, hawezi kubaki chumba kimoja naye, na kwamba atakwenda Kibombo kwa kaka yake mpaka moyo upoe. Wote wawili walijua kwamba hautapoa. Bulaimu hakumzuia. Angeweza kumzuia kwa maneno kumi, na kila siku iliyopita aliyameza maneno hayo pamoja na chai. Madaftari ya mawimbi aliyafunga kwa kamba, akayaweka juu ya kabati, na toka mwaka ule hakuna aliyeandika alama ya sauti ya Kalima. Aliendelea kupiga foni kwa sababu ni kazi.

Mimi nikisikia mtu anasema Bulaimu hakuwa na moyo, namwacha aseme, nikiogopa kumtusi. Mwavita alikaa Kibombo miaka kumi na mmoja, hadi alipofariki, akilea watoto wa kaka yake, akifunga Ramadhani zake, na waliomwona wanasema alikuwa na huzuni ya mama yeyote aliyefiwa, si zaidi. Alikuwa na mtu wa kumlaumu. Hicho ndicho alichoachiwa.

Siku ya safari, treni ilichelewa siku tisa, kama treni za wakati ule. Bulaimu alimbebea mkeka na sanduku mpaka stesheni, akamtafutia nafasi karibu na dirisha, akampa andazi kwenye karatasi. Florentin alikuwa mlangoni mwa duka lake na aliwaona, wazee wawili wamesimama kama watu wasiojuana. Injini ilipopiga honi, Mwavita akamgeukia. Hasira haikuwamo usoni mwake, alikuwa amechoka tu.

"Baba Halima, ungeniambia siku ile kama chuma kilikataa. Ningeacha chungu motoni. Ningekaa chini, nikuhesabie yote tena tangu mwanzo, punje kwa punje, mpaka itimie."

"Najua, mama Halima," Bulaimu akasema, akampandishia sanduku lake.